Sajenti Habweki Tena

Jumanne, 3 Juni 2025 — Mbeya

Kazi ya Popi imeisha leo. Wenye nyumba wametoka safari, gari hata halijazimwa, Popi kashapita katikati ya miguu yangu kuwakimbilia. Hakugeuka! Siku zote hizo namchemshia utumbo, namtoa kupe mmoja mmoja, nasikiliza anavyokoroma mlangoni kwangu — halafu hata mkia wa kuniaga hakuna. Nilicheka. Nilipopanda bajaji nikalia kidogo. Dereva akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, kazi tu imeisha.

Dada Lea ananiita yaya wa mbwa. Anasema umri wangu wenzangu wanalea watoto, mimi nalea mikia. Aseme tu. Naipenda kazi hii. Naona miji, nalala nyumba nzuri za watu, na kila nyumba yupo mmoja anayenifurahia bila kuniuliza nitaolewa lini. Kuagana tu ndiko kunaniua.

Jioni simu kutoka Iringa. Mama Blandina, mwalimu mstaafu, anakwenda Dodoma kumwuguza binti yake aliyejifungua. Ana mbwa mmoja. Sauti kavu! Nimekubali.

Alhamisi, 5 Juni — Iringa

Baridi ya hapa na ya kwetu ni ndugu. Mama Blandina kanipokea getini na "Kamwene", salamu ya Kihehe, nami nikaitikia hivyohivyo, akatabasamu nusu. Mwembamba, rozari shingoni. Anapotembea ndani anagusa kila kitasa kuona kama kimefungwa.

Mbwa anaitwa Sajenti. Mwekundu, kifua kipana, sikio moja limekatika. Yuko bandani, mlango wa mbao, giza tupu. Alinibwekea mpaka mabati yakatetemeka.

Masharti kayasema mara mbili. Alfajiri afungiwe, jua likizama afunguliwe. Mchana asione watu. Chakula apokee kwa mkono wangu tu, asizoee mwingine. Na asichezewe! Nikasema labda anaumia humo ndani. Mama akanitazama kama vile mimi ni mwanafunzi aliyechelewa. Huyu si wa kuchezea, mwanangu, akasema, huyu ndiye mlango wangu.

Nikasema sawa, mama.

Jumapili, 8 Juni

Mama kaondoka juzi. Tangu hapo mchana kutwa Sajenti anaweka jicho kwenye ufa wa mlango wa banda. Nikifua, jicho. Nikimenya viazi, jicho.

Leo nimetoka kanisani jua limewaka, jambo la ajabu Juni hii. Nikafungua. Alitoka hatua chache akasimama. Hakujua afanye nini na jua! Alikunja macho, akanusa majani, akarudi kuangalia banda kama anaomba ruhusa. Halafu akajitupa chini chali, miguu yote juu, akajisugua mgongo na kugunaguna kama mzee anayekunwa. Mwe! Nilifurahi mpaka nikaunguza maharage.

Ni leo tu, kwa sababu ni Jumapili.

Jumatano, 11 Juni

Si Jumapili tu. Nakiri. Kila siku yuko nje.

Jirani, Bi Nusrat, kaanza naye urafiki wa mbali. Hataki pua ya mbwa imguse — anasema ikimgusa ana kazi ya kujitwaharisha, na maji ya baridi hii hayawezi. Lakini vichwa vya samaki anavirusha juu ya ua kila adhuhuri. "Bwana askari, shika!" Na bwana askari anashika. Siku hizi anamsubiri pale, mkia unafagia vumbi. Ndiyo, najua, huo ni mkono wa pili. Najua!

Leo Bi Nusrat kanisimulia kitu. Mwaka juzi wezi waliingia kwa Mama Blandina usiku, yuko jikoni peke yake. Wakamfunga kwa kanga zake mwenyewe, wakabeba walichotaka. Bi Nusrat ndiye aliyemkuta kesho yake, kalala sakafuni. Ndipo akatafuta Sajenti. Bi Nusrat anasema mwenzake hapati usingizi mpaka asikie zile kucha zinazunguka nyumba kwenye saruji, na mgeni akipita barabarani abwekewe.

Nikasema moyoni, kesho namfungia.

Alhamisi, 12 Juni

Sikumfungia.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzuri kuliko zote! Nimempandisha jiwe la Gangilonga kwa kamba ya kuanikia nguo. Mwanzo alikuwa anajibana miguuni kwangu, kila mtu adui. Tulipofika juu ya jiwe, upepo ukampiga usoni, akafumba macho. Chini mji wote, mabati yanameta, na Sajenti kakaa kama aliyeujenga yeye.

Wanachuo walikuwa wanapiga picha. Mmoja akamega mshikaki, akamrushia. Akala. Akasogea. Akaegemea mguu wa yule dada kabisa! Wote wakashangilia. Wakaniuliza mpole hivi, mbwa wa nani?

Nikajibu, wangu.

Lilinitoka tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia kimoyomoyo, wangu, wangu, kama mjinga.

Alhamisi, 19 Juni

Jamaa wa mita za maji kaingia bila kubisha. Mimi naanika. Sajenti akamrukia mbio — nikapiga kelele, nikadondosha shuka — alipofika akakaa chini, akampa mguu.

Jamaa alicheka sana. Akauliza yule mbwa mkali wa hapa kafa lini? Maana zamani, kwa anavyobweka humo bandani tu, walikuwa wanasoma mita kwa kupanda juu ya ukuta.

Nikacheka na mimi. Alipotoka sikuweza kuendelea kuanika.

Jumapili, 22 Juni

Nimemfungia tangu alfajiri. Habweki. Analia! Kilio chembamba kama cha mtoto anayeficha kilio. Nimemwomba Bi Nusrat asirushe tena samaki, akaudhika, kwani yeye kakosa nini? Hakukosa. Mimi ndiye.

Jua lilipozama nikamfungua azunguke. Hakuzunguka. Kaja kulala mlangoni kwangu. Nikamsukuma kwa fagio: zunguka, Sajenti! Fanya kazi yako! Akadhani mchezo, akaling'ata fagio, akakimbia nalo uani. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Mama anarudi keshokutwa. Nimesali. Mtu anasalije mbwa awe mkali? Nimesali hivyohivyo.

Jumanne, 24 Juni

Kaja na bodaboda. Dereva ndiye aliyetangulia kuingia, begi begani. Sajenti akamlaki! Akamzunguka, akamlamba mikono, akalala chali miguuni pake. Kijana wa watu kafurahi, anamkuna tumbo. Mama Blandina kasimama getini, kashika mfuko wa machungwa.

Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali. Alimshukuru dereva, akafunga geti, akavuta komeo, akavuta tena. Akakaa kwenye ngazi. Sajenti akaweka kichwa mapajani pake. Mama hakumgusa.

"Umempenda, ee?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi nitalala vipi?"

Nikasema nisamehe, mama, nilimwonea huruma. Akasema anajua. Akasema ni kweli banda lile ni giza, hata yeye huwa anamwonea huruma, lakini anavumilia. Kisha akaingia ndani kuwasha taa zote. Jua lilikuwa bado halijazama.

Jumatano, 25 Juni

Hakulala. Macho mekundu. Nilimwandalia uji, kaukoroga mpaka umepoa.

Asubuhi kampigia Rabson, mtoto wa marehemu kaka yake, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Chunya. Kesho anakuja na mbwa mwingine, mkali. Sajenti anaondoka naye akalinde karasha. Nikauliza, atalindaje sasa? Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. Akasema huko wanajua kurudisha ukali. Mnyororo, njaa, na pilipili kwenye chakula.

Nikasema nipe mimi, mama! Akaniuliza nitamweka wapi, na aliuliza kwa upole. Nitamweka wapi kweli? Chumba cha kupanga Mbeya, mwenye nyumba hataki hata kuku. Na mimi mwenyewe simo, leo Iringa, kesho Njombe. Nimempigia Lea. Badala ya utani akasema, Ikupa, wewe una nyumba za watu tu. Nimempigia mwenye nyumba, nimembembeleza kama mjukuu wake. Kasema atafikiria, kesho asubuhi atanipigia.

Mama kasema akipiga na kukubali, nimchukue. Kabla Rabson hajaondoka.

Alhamisi, 26 Juni

Rabson kafika na pikapu, vumbi la Chunya mpaka kwenye nyusi. Si mtu mbaya. Ananiita dada, kamletea shangazi yake asali. Mbwa mpya kashashushwa, mweusi, yuko bandani anabweka mpaka kuta zinaitikia. Nilimwona Mama Blandina anavyomsikiliza. Mabega yakamshuka. Kwa mara ya kwanza tangu arudi akavua koti. Siwezi kumchukia. Nilijaribu.

Rabson kaja amejiandaa kwa vita: koti zito, gunia la kumfunika kichwa, kamba, mnyororo. Kasema wakali hawa hawapandi gari kirahisi. Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akaanza kuvaa koti. Sajenti akaja. Akanusa mikono yake. Akalamba mnyororo. Akaruka ndani mwenyewe!

Rabson akabaki na gunia mkononi, anacheka. Aisee, huyu hata nguvu hatumii mtu. Akamfunga mnyororo, Sajenti akamnyooshea shingo.

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Sasa Rabson anakunywa chai ndani. Simu iko mapajani, haijalia. Nimempigia mwenye nyumba, inaita mpaka inakata. Nakaa kwenye ngazi naandika ili nisiinue macho, kwa maana nikiinua Sajenti anadhani safari imeiva, mkia unapiga bati la gari, pa, pa, pa. Kule ndani Mama anamwuliza Rabson kama aongeze chai. Kasema inatosha. Nasikia kiti.

Simu bado.

Nimeinua macho. Sajenti kasogea pembeni mpaka mnyororo umekaza. Kaniachia nafasi nikae kando yake.