Waya Unaosikia kwa Ubavu

Kibuli, Kampala

Dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Pokea salamu za mdogo wako, mzima wa afya na mtanashati kuliko nilivyoondoka Mumias. Goti lako limetulia? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanataka kuhama? Mimi sijambo, ila sukari hapa tumesahau hata rangi yake. Barua hii inakuja mkononi mwa muuza vitenge ninayemwamini, kwa hiyo nasema nitakavyo.

Sasa mimi ni fundi wa mawimbi. Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, mwanawe alitafutwa na askari, akakimbilia Kenya. Waliagana kwamba akifika salama atatuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio ya Nairobi, kwa jina lake la utotoni, Kitumbua. Jumapili nyingi mama huyu ametega sikio, akaambulia mvumo tu, kama mtu anayekaanga mihogo. Nikamwambia, "Niachie mimi, nimezunguka dunia." Unajua nimefika mpaka Kisumu.

Nikafunga waya kutoka kwenye mfenesi mpaka paa la jikoni, nikaulenga Nairobi kama bunduki. Redio ikanyamaza kabisa. Hata mihogo ikaacha kukaangwa.

Nikamwuliza mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ninayemnyoa pale Wandegeya. Akacheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. "Ssebo, bwana wangu, waya huo ni kiziwi kwenye ncha. Unasikia kwa ubavu. Na urefu uwe nusu ya wimbi: stesheni ikiwa mita arobaini na moja, wewe kata ishirini na kitu. Ukate tena katikati, na hapo kati uteremshe nyaya mbili mpaka redioni. Halafu uuweke mbali na mabati, yanakula sauti."

Nikamwambia hayo nilikuwa nakaribia kuyasema mwenyewe.

Bi Zuhura hakunielewa mpaka nilipompa mfano wa msikitini: safu inalala huku, nyuso zinatazama kule.

"Basi waya ndio safu," akasema, "na kibla chake ni mwanangu."

Tukaugeuza, tukaupandisha. Kesho yake askari akaingia uani. "Hii waya ya nini?" Mimi, msemaji wote huyu, nikainama kufunga kamba za viatu. Bi Zuhura akatoka na shuka linalochuruzika maji. "Ya kuanikia, mwanangu. Lakini huyu mpumbavu kaifunga juu, mikono yangu haifiki." Afande akamwanikia shuka, akaenda zake.

Jumapili, dada, mtangazaji alisikika kana kwamba yumo jikoni. Jina baada ya jina, halafu: Kitumbua anamsalimu mama, anasema yuko salama. Basi. Bi Zuhura akaendelea kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua. Kisha akauliza, "Na sisi tunamjibu kwa wapi?"

Nikamweleza kwamba waya ungeweza, maana husema kwa ubavu ule ule unaosikia. Ila mashine ya kuusemesha hatuna, na tungekuwa nayo tungepigwa risasi.

Ndipo nikakukumbuka wewe uliye huko huko Kenya, ambako barua hazifunguliwi na askari. Nunua kadi, ukiandikie kipindi hicho: Kitumbua, mama amesikia. Kampala usiitaje, wala jina la mtu. Sisi kila Jumapili tuko jikoni, redio wazi.

Nisalimie mama mdogo wa maandazi, mjomba wa kinu, na binti yako mchokozi. Bi Zuhura ananisimamia hapa, anasema nikuandikie kwamba ukituma kadi hiyo ni kama amekuzaa yeye.

Ni mimi mdogo wako, kinyozi na fundi,
Rajabu