Ulichoniuliza Kuhusu Tangazo la Karata

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Huku Sumbawanga tu wazima, ulezi tumevuna. Ila tangu uniulize uandike nini kwenye tangazo lako ili wateja wa kusomewa bahati kwa karata waje, situlii.

Nilipokuwa msichana kule Kirando, shangazi yangu alipiga ramli. Mama mmoja alimwuliza habari za mumewe aliyepotea ziwani.

"Atarudi," akasema shangazi.

Neno hilo likavuta wateja wengi. Yule mama naye, kila mtumbwi ukifika, alikimbilia ufukweni. Siku moja nikamkuta shangazi amesimama naye pale.

"Nisamehe," alimwambia. "Sikuona kitu kwenye ramli."

Wakalia pamoja. Wateja walipungua, lakini yule mama hakuacha kuja kututembelea.

Nakuwaza sana,
Bibi yako