Sumaku Chini ya Mguu wa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako huku nimejaa furaha, mimi ni fundi wa redio na spika, mke wangu ana uvimbe wa saratani pajani, basi hospitali ikamwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya, hii haizunguki mwili mzima ikimnyonyoa nywele na kumtapisha kama ile ya kwanza, imefungwa kwenye vichembe vya chuma visivyoonekana kwa macho, wanamdunga kwenye mshipa halafu wanamwekea sumaku juu ya paja, navyo vinavutwa palepale penye uvimbe na kushusha mzigo. Nilipoelezwa nilicheka peke yangu kwenye benchi, maana sumaku si ndiyo kazi yangu?

Sasa shetani akanipitia. Niliona sumaku yao ndogo mno, nikang'oa ya spika kubwa ya ukumbini, nikaishona ndani ya godoro upande anaolaza mguu ule, bila kumwambia, ili dawa inayobaki mwilini nayo ivutwe, na mshauri, uvimbe unapungua! Juzi picha zilipotoka daktari aliita wenzake waje waone, mke wangu anapanda ngazi mwenyewe, hata mama mkwe ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote amenipikia. Lakini daktari anasema hajaona mgonjwa mwingine aliyepata nafuu hivi, na sasa, wakiamini dawa ina nguvu kuliko walivyodhani, wanafikiria kupunguza dozi kwa wagonjwa wote wa majaribio. Nikisema, naogopa watamtoa mke wangu kwenye dawa. Nikinyamaza, roho inanisuta. Nifanyeje?

Fundi Spika

Fundi wangu, mpe bibie hongera zangu nyingi. Barua yako imenipa raha, dawa inayojua inakokwenda ni jambo la kushangilia, halafu nikatamani kukufinya sikio.

Nani alikwambia mwili wa mkeo unafunguliwa kama redio? Sumaku haichagui. Akijigeuza kitandani inamkaa chini ya kiuno, na dawa kali inashusha mzigo pasipo na ugonjwa. Ulilifikiria hilo, au ulikuwa unangoja mama mkwe apike tena?

Itoe leo. Mwambie mkeo kwanza, mguu ni wake, na akikununia vumilia. Kisha nendeni wote kwa daktari na hiyo sumaku mkononi, useme ilikaa wapi na tangu lini. Huenda wakamsimamisha kidogo wampime upya, siwezi kukudanganya. Kama spika yako imesaidia kweli, wacha waipime, nami nitashangilia kuliko wewe.

Ila usinyamaze. Dozi ikipunguzwa kwa sababu ya picha za mkeo, kuna mwanamke atakayepewa hiyo ndogo, ana uvimbe kama huohuo na mume anayempenda vilevile. Wake hautapungua, na atakayejua kwa nini ni wewe peke yako.