Korongo la Mjomba

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesuuza mitungi ya hewa, nimeanika nguo za kuzamia. Wageni wanne leo. Wametoka majini wanapiga kelele kama watoto siku ya Idi. Korongo, korongo! Kuta za matumbawe huku na huku, mkondo umechimba kati kama mto, chini giza tupu. Mmoja amelia ndani ya miwani. Bosi kanipa mkono mbele ya watu. Nimefurahi, nisijidanganye.

Lakini pale ni pa Mjomba pa kuvulia. Hana mtoto, akanirithisha mimi alama zake: mnara wa simu uushikanishe na mnazi uliopinda, hapo tupa nanga. Zaidi yangu anajua Makame tu, mwenzake wa ngalawa. Alama za mtu hazitajwi. Nami nimewapeleka wazungu.

Jumatano, 15 Oktoba

Video ya yule mgeni imesambaa. Leo boti tatu, za hoteli nyingine pia. Wameshafunga na boya.

Nikiwa chini nikaona mshipi unashuka mbele ya uso wangu, umefungwa plagi kuukuu ya pikipiki badala ya risasi ya kuzamishia. Plagi ya Mjomba! Nikajificha nyuma ya jiwe. Upuuzi. Nani angeniona kule? Chewa wote aliokuja kuwavua wamekimbilia mashimoni kwa makelele yetu. Plagi ikapanda juu mikono mitupu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Balaa. Baada ya sala, nje ya msikiti, Mjomba kamkabili Makame. "Umeniuza!" Makame kaapa mpaka machozi. Mjomba kakataa mkono wake. Watu waliokula sinia moja tangu ujana.

Mimi nilikuwa hapo kwenye meza ya sambusa. Nimesikia kila neno, nikanyamaza. Mimi hata hakunishuku. Mtoto wa dada yake!

Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepeleka wageni tena.

Jumapili, 19 Oktoba

Alasiri nimekwenda kwa Mjomba. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Alikuwa anafunga ndoana. Maneno ya kuungama niliyapanga njia nzima; nikaishia kumshikia uzi.

Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Hivi kule chini pakoje?"

Kumbe ameshajua ni mimi. Amevua pale tangu sijazaliwa, na hajapaona hata mara moja.

Nikamweleza. Kuta, mapango, matumbawe yaliyotanuka kama vipepeo, chewa wanaochungulia kama majirani dirishani. Akataka kujua ni kitu gani kilichokuwa kikimkatia mishipi upande wa kusini. Jiwe lenye pembe, nikamwambia, na mishipi yako bado imening'inia pale. Akacheka kidogo.

Kisha akavaa kofia. "Ngoja niwahi boti ya Jibondo, kisiwani kwao Makame. Nimemdhulumu, nikamwombe radhi."

Hakunilaumu. Hakuniuliza kwa nini. Kaniambia nifunge mlango, kuku wasiingie.

Nimefunga mlango.