Kikombe Kitupu cha Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Waya (la kwenye cheti nimemtajia afande)
Umri: Miaka 19
Kazi: Mtaalamu wa vipimo
Makazi: Chumba cha uani kwa shangazi yangu, nyuma ya gereji ya matairi

Mimi naujua umeme kuliko unavyojijua wenyewe. Redio mbovu ikisikia nafungua mlango inaanza kuimba. Shule niliiacha darasa la saba, walimu walikuwa wameishiwa. Afande ameniambia nijibu nilichoulizwa, kwa hiyo naendelea.

Nafanya kazi kwa shangazi, dada wa baba. Ana maabara ya chumba kimoja. Watu humletea mbao, vigae, plastiki za kufunikia nyaya, hata mafuta. Anaweka kitu kati ya vibati viwili, anapitisha umeme, kisha anatazama vibati vimebeba umeme mara ngapi zaidi ya vilivyobeba vikiwa vitupu. Yeye anakiita kipimo hicho pemitiviti. Mimi nakiita tumbo. Plastiki ina tumbo dogo, mara mbili tatu ya hewa. Maji ni malafi, mara themanini. Ndiyo maana asali ikizidishwa maji shangazi anaijua bila kuionja.

Kwa kazi hiyo simwoni wa kumfikia. Aliwahi kuukataa ubao uliosemekana umekauka, mwenye ubao akamcheka. Wiki ya pili ubao ukapinda kama upinde. Kabla ya kupima anazima feni, anafuta vibati kwa spiriti, na hatuongei. Hata mimi siongei, na afande ameshaona hilo lilivyo gumu kwangu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia mwenye duka la mikate pamoja na Mama Asali, anayemuuzia asali. Mwenye mikate alidai anauziwa maji. Mama Asali alikuwa amebeba dumu lake mwenyewe, akasema lipimwe lote kama wanataka. Nilimwambia ajiandae kabisa, mashine yetu haidanganyiki.

Akanijibu, "Mwanangu, hiyo mashine yako imeshawahi kuumwa na nyuki?"

Shangazi alicheka. Mimi nilinuna.

Shangazi alichukua kikombe cha chuma, kile chenye vibati ndani. Akaniuliza, "Tupu umepima?"

Nikasema, "Nimepima, shangazi," nikamtajia namba.

Akamimina asali. Alipima mara tatu, kila mara akiiacha itulie kwanza. Namba zikaja zilezile. Akagawanya kwa ile niliyompa. Akasema taratibu kwamba kwa kipimo hiki asali ina maji. Mama Asali hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, sijui kwa nini mimi. Mwenye mikate akapiga simu, askari wakaja wakamchukua Mama Asali na dumu lake.

Leo nimempita pale kaunta. Amekaa kwenye benchi, viatu amevivua. Nimeambiwa kesho anapelekwa mahakamani.

Afande ameniuliza kama kipimo kilikuwa sahihi. Shangazi hakukosea popote, hilo liandikwe. Asubuhi ile, kabla hawajaja, nilikuwa nakirusha kikombe juu na kukidaka kwa mkono mmoja, binti wa gereji akitazama. Kikaniponyoka. Kibati kimoja kikasogea karibu na mwenzake. Nikakinyoosha kwa jicho, nikijiambia jicho langu ni rula. Vibati vikikaribiana, kikombe kinabeba umeme zaidi hata kabla hujatia kitu. Kukipima upya kikiwa kitupu ni dakika tano tu.

Sikukipima. Namba niliyomtajia shangazi ilikuwa ya jana yake. Kama asali ile ina maji, mimi sijui, na shangazi hajui, kwa sababu aliniamini.

Nimesema haya kwa hiari yangu, na sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: Waya

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Ameomba neno "mtaalamu" hapo juu likatwe, liandikwe "msaidizi". Limekatwa.