Kwa Kalolaine, Uliyenyamaza Mbele ya Kaka

Mwaka umezunguka, Kalolaine, tangu moyo wako usimame ukiwa umeinamia cherehani, hapa nyumbani Nuku'alofa, Tonga.

Ulizaliwa mvulana, ukaishi dada yetu; kwetu aliye hivyo huitwa leiti. Leiti wenzako walikusanyika barazani kwako, wakishona na kupanga namna ya kuiomba serikali ifute sheria inayowahesabu kuwa wahalifu. Ukimpima gauni mke wa mbunge, pini mdomoni, ulimwambia, "Mama, vuta tumbo ndani, na mzee wako mwambie aivute ile sheria nje." Alicheka hadi pini za gauni zikamchoma. Ndiye aliyewapatia nafasi mbele ya kamati ya Bunge.

Wenzako walikuandikisha wewe peke yako useme, maana ulimi wako haukujua kuchoka. Mdogo wako wa kike Meliame, ambaye hata mkate huununua akitazama chini, alikusindikiza. Mlipoingia, kwenye kiti cha mjumbe aliyeugua alikuwa ameketi Heneli, mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni kaka. Na sheria ile ni ya mambo ya chumbani, ambayo hayatajwi kaka na dada wakiwa pamoja.

"Sema, bibi wee! Leo ndio umeishiwa?" leiti mwenzako Fetu'u akakunong'oneza.

"Kaka yupo," ukajibu.

Chumba kizima kikainamisha macho. Heneli aliinuka atoke. Mwenyekiti akamwambia akitoka hawatatosha, kikao kitavunjika. Akakaa tena, akautazama ukuta. Meliame alitamani akusemee, lakini Heneli ni kaka yake pia. Ukashukuru kwa kuitwa, ukaketi.

Kwenye mazishi yako Heneli hakuingia ndani. Alishinda nje kwenye moshi wa tanuri la ardhini akipika, kama impasavyo kaka anayezika dada. Hakuna aliyekuheshimu kuliko yeye, na heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokufunga kinywa.

Sheria bado ipo. Mwaka huu wenzako wameitwa tena, wanatafuta leiti asiye na kaka kwenye kamati. Kisiwa ni kidogo, sote ndugu.

"Labda tumwagize mmoja kutoka mwezini," anasema Fetu'u.

Wanacheka kidogo. Meliame anawamiminia chai.

Unakumbukwa na mama yako Lupe, kaka yako Heneli, mdogo wako Meliame, Fetu'u na leiti wote. Siku zote tutakukumbuka, dada. Ndilo pekee tuliloliweza.