Simu Niliyopokea Wiki ya Fainali

Winson Green, Birmingham

Mwanangu Angeline,

Kabla ya salamu, nikwambie kwamba lipo jambo kuhusu mumeo ambalo nimekuficha miaka kumi na miwili. Nimelitanguliza nisije nikaishiwa na ujasiri katikati ya barua. Sasa nakusalimu kwa upendo, wewe na mjukuu wangu Shem. Huko Leicester baridi imepungua? Kazi ya wodini haikuchoshi mno? Mimi moyo umechoka. Daktari amesema hakuna dawa nyingine ya kujaribu, nami nilimshukuru kwa kutonizungusha.

Landry huja kila asubuhi akitoka lindo la usiku kule Aston. Huinama mlangoni, goti lake likilia kama bawaba, kisha hunibeba hadi bafuni. Juzi alinitania kwamba nimekuwa mwepesi kuliko mpira, na nisipomaliza uji atanirusha kikapuni. Jirani yetu Kulwinder, yule mama wa Kisumu, akadakia kwamba Mmarekani huyu zamani alilipwa Uturuki na Ubelgiji kwa kuruka, na leo hata ngazi za basi zinamshinda. Landry alicheka. Hucheka kwa ajili yetu, kisha hurudi chumbani kwake kulala peke yake.

Najua kwa nini ulimwacha. Uliniambia, ukiwa umesimama hapa jikoni na koti mwilini, kwamba mtu aliyemwacha mama yake afe akimwita, kisa kombe, siku moja angekuacha wewe pia.

Wiki ile ya fainali nilikuwa meneja wa timu yetu ya mpira wa kikapu, na wachezaji walinikabidhi simu zao ili watulie. Simu ya Landry iliita ndani ya mkoba wangu, nikapokea. Ilitoka kwao Louisiana. Jumamosi tulichukua kombe, Jumapili mama yake akafa. Dada zake walijua kwamba ujumbe ulipokelewa huku. Kwenye mazishi walimkalisha kiti cha nyuma kabisa kanisani.

Unakikumbuka kikao tulichofanya sebuleni kwangu, shangazi yako Jemima akikiongoza. Landry alisema mimi ndiye niliyemwambia kwamba mama yake anataka acheze. Wote mkanigeukia. Nikasema hapana, nilimweleza kwa desturi yetu kwamba mama hajisikii vizuri, kama tunavyosema tusipotaka kumshtua mtu, na kwamba Mkenya yeyote angeelewa na kufunga mizigo. Shangazi yako akasikitika, akasema hawa Wamarekani ukiwaambia mtu ana homa wanakutafutia panadol. Wengine wakacheka. Landry akanitazama. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mkwe habishiwi mbele za watu. Akainamisha kichwa, mkadhani ni aibu. Tangu siku hiyo hajalirudia neno lile, hata tukiwa wawili tu. Naogopa ameanza kuamini kwamba alinisikia vibaya.

Nililitaka kombe lile, Angeline. Nilikuwa mwalimu mstaafu ambaye katika nchi hii hakuna aliyemwita mwalimu, na bila Landry tungefungwa.

Msomee barua hii, umfasirie polepole. Mimi hujaribu kila asubuhi anaponivalisha soksi, naishia kumwomba chai. Sikuombi urudiane naye, hilo ni lenu. Nataka tu uache kumhesabia kosa ambalo si lake.

Mbusu Shem kwa niaba yangu, umwambie babu anafurahi akimsikia akijaribu Kiswahili kwenye simu. Mungu awatunze nyote wawili, amtunze na yeye.

Aliyepiga simu ile alikuwa mama yake mwenyewe, sauti ikimkatika. Alisema anajua hatafika Jumatatu, akaniomba nimwambie mwanawe aje. Hakusema lolote kuhusu mchezo. Hayo ya kucheza niliyatunga mimi.

Baba yako,
Arnold Ngugi